Bomu la Ufaransa Katika Jangwa la Sahara

Tarehe 13 Februari, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki. Haikulilipua katika ardhi ya Ufaransa. Ililipua Reggane, kusini mwa Algeria, nchi ambayo wananchi wake walikuwa vitani wakidai uhuru kutoka kwa Ufaransa hiyo hiyo. Nguvu ya bomu hilo ilikadiriwa kuzidi mara nne ile ya bomu lililoangamiza Hiroshima.

Hoja ya Paris ilikuwa kwamba jangwa ni tupu. Lakini Reggane ni mahali penye maji, mitende na watu. Tena katika miezi hiyo upepo wa harmatani huvuma kutoka Sahara hadi Ghuba ya Guinea, na upepo hauonyeshi pasi mpakani. Novemba 1959 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Ufaransa iache majaribio hayo. Haikusikia.

Ndipo Desemba 1959 kundi la watu wasio na silaha likaondoka Accra kwa magari kuelekea Reggane. Walikuwamo Waghana, pamoja na Mchungaji Michael Scott wa Uingereza na Wamarekani weusi wawili, Bayard Rustin na Bill Sutherland, ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam. Nia yao ilikuwa kuingia katika eneo lenyewe la jaribio, ili atakayelipua bomu ajue kuwa analipua na watu. Walizuiwa Bittou, katika Volta ya Juu, sasa Burkina Faso, iliyokuwa bado chini ya Ufaransa.

Wako waliosema safari ile ilikuwa bure. Hao hawakutazama yaliyofuata. Bomu lilipolipuka, Serikali ya Kwame Nkrumah ilizuia mali za Ufaransa nchini Ghana. Januari 1961 Nigeria, yenye uhuru wa miezi mitatu tu, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa.

Hata hivyo, hadi mwaka 1966 mabomu 17 yalikuwa yamelipuliwa Sahara, 13 kati yake chini ya ardhi huko In Ekker. Tarehe 1 Mei, 1962, mlima ulipasuka na wingu la sumu likawafikia hata mawaziri wa Ufaransa waliokwenda kutazama. Baadaye majaribio yalihamishiwa visiwa vya Polinesia, yakaendelea hadi 1996.

Sheria ya Ufaransa ya kuwalipa fidia waathirika ilipitishwa mwaka 2010, miaka 50 baada ya Reggane. Waalgeria waliofaidika nayo ni wachache mno, na Serikali ya Algeria imedai mara kadhaa ipewe ramani za mahali yalipofukiwa mabaki ya majaribio hayo.