Vitabu vya kale kwa kijana anayesomea nyumbani: Ni mtaala upi unaofaa?

MZAZI anayemfundisha mwanawe nyumbani aghalabu huona mambo yakimwendea vyema miaka ya mwanzo. Kusoma, kuandika na kujumlisha ni mambo ambayo mzazi mwenye subira anaweza kuyamudu. Kibarua kigumu huanza kijana anapofikisha miaka 14. Wenzake wanaingia shule ya upili, naye anahitaji fasihi, historia na falsafa za kiwango kitakachompeleka chuo kikuu.

Nchini Marekani, ambako elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wengi katika hatua hiyo huchagua mtaala wa kikale, yaani ule unaomsomesha kijana maandishi ya Wagiriki, Warumi na warithi wao kwa kufuata mpangilio wa historia. Mitaala ya aina hiyo imejaa sokoni, na kila mchapishaji anausifu wake. Mzazi anayekosea kuchagua hupoteza fedha, lakini hasara kubwa zaidi ni ile miaka minne ya kijana, ambayo hairudi tena.

Mfumo wenyewe una asili ndefu. Katika Ulaya ya enzi za kati, mwanafunzi alianza na taaluma tatu: sarufi, mantiki na balagha. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa mhadhara mjini Oxford akipendekeza taaluma hizo zirejeshwe, na akazilinganisha na ukuaji wa mtoto. Kwa maoni yake, mtoto mdogo hupenda kukariri, anayekaribia kubalehe hupenda kubisha, na kijana hupenda kujieleza. (Yeyote ambaye ameishi na mtoto wa miaka 12 hatampinga Sayers kuhusu hilo la kubisha.) Mwaka 1999 Jessie Wise na bintiye, Susan Wise Bauer, walichapisha kitabu The Well-Trained Mind, wakaigawanya historia katika miaka minne ya masomo: mwaka wa kwanza hadi takriban 400 Baada ya Kristo, wa pili hadi 1600, wa tatu hadi 1850 na wa nne hadi nyakati zetu. Mzunguko huo hurudiwa mara tatu, na ule wa mwisho ndio wa shule ya upili.

Mzazi anayeingia sokoni leo atakutana na njia tatu hivi. Ya kwanza ni mtaala uliokamilika, ambao huunganisha historia, fasihi na dini katika kitabu kimoja kikubwa cha mwaka. Mfano ni Omnibus wa kampuni ya Veritas Press, wenye majuzuu sita. Mzazi hapangi chochote, bali hufuata tu. Ya pili ni ile ya orodha ya vitabu vikuu, ambapo mzazi mwenyewe huchagua na kutunga maswali. Ya tatu, inayopendwa na kampuni ya Memoria Press ya jimbo la Kentucky, ni kusoma vitabu vichache polepole huku Kilatini kikiwa nguzo ya masomo yote.

Tofauti hizo zina uzito, ila wazazi wengi hulinganisha jambo lisilofaa. Huchukua orodha mbili za vitabu na kuuliza ni ipi ndefu. Orodha ndefu hupendeza machoni, na huenda hata ikampa mzazi fahari mbele ya jamaa zake, lakini yafaa kwanza ipimwe kwa saa. Kwa desturi ya Marekani, somo moja la mwaka mzima katika shule ya upili huhesabiwa kuwa takriban saa 120. Mtaala unaodai kumpa kijana masomo matatu kwa pamoja, yaani fasihi, historia na dini, unamdai saa 360. Mwaka wa shule ukiwa na siku 180, hizo ni saa mbili kila siku kabla kijana hajagusa hisabati wala kemia. Siku hizo 180 ni wiki 36. Akitumia wiki nne kwa kila kitabu, atamaliza tisa. Iliad ya Homer peke yake ina mishororo zaidi ya 15,000. Kwa hivyo mtaala unaoorodhesha vitabu 25 kwa mwaka ama unakusudia kijana asome vipande tu, ama unamtaka mzazi afyeke. Hakuna ubaya wowote katika kufyeka, mradi mzazi ajue mapema kwamba kazi hiyo itakuwa yake.

Baada ya saa, yatazamwe maswali. Wachapishaji wengi huruhusu mnunuzi aone kurasa za mfano, na hapo ndipo ukweli hujitokeza. Chukulia tukio lililo karibu na mwisho wa Iliad: mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku katika kambi ya adui na kumpigia magoti Achilles, aliyemuua mwanawe Hector, akiomba apewe maiti akaizike. Mtaala dhaifu utamuuliza kijana ni nani aliyemuua Hector na Priam alileta fidia gani. Ulio bora utamuuliza kwa nini Achilles alikubali, iwapo hasira yake ilikuwa imekwisha, na kama kuna lolote analolijua Priam kuhusu kifo ambalo Achilles hakulijua mwanzoni mwa utenzi. Maswali ya kwanza hujibiwa hata na aliyesoma muhtasari. Ya pili humlazimu kijana kurudi kwenye kitabu chenyewe, na hatimaye kuandika insha yenye hoja.

Lakini maswali bora nayo yanahitaji mtu wa kuyazungumza. Tuseme kuna mama Mkenya anayeishi Texas, muuguzi wa zamu ya usiku. Akinunua mtaala unaotegemea mjadala wa kila siku, na asubuhi anarudi nyumbani macho yakiwa mazito, kijana ataachwa peke yake na Plato. Kwangu mimi hili ndilo swali la kwanza ambalo mzazi angejiuliza: nani atakayekisoma kitabu pamoja na mtoto, na saa ngapi? Kama jibu ni hakuna, yafaa atafute darasa la mtandaoni lenye mwalimu, au aungane na familia nyingine mara moja kwa wiki. Akiweza saa tatu tu za mjadala kwa wiki, njia ya vitabu vichache itamfaa zaidi. Mzazi asiyekuwa mtaalamu asiogope. Akikisoma kitabu sambamba na mwanawe na kukiri asipoelewa, tayari anafanya sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu.

Mzazi achunguze pia msimamo wa kidini wa mtaala. Omnibus umetungwa na Waprotestanti, na maelezo yake yanasomeka hivyo. Familia ya Kikatoliki itapata mitaala yake. Familia ya Kiislamu inaweza kukiweka Kiarabu mahali pa Kilatini bila kuuvunja mfumo, kwa kuwa Ibn Rushd alimfafanua Aristotle karne nyingi zilizopita.

Na hapa Mswahili ana neno la kusema. Mkusanyiko maarufu wa vitabu vikuu vya Magharibi, uliochapishwa na Encyclopaedia Britannica mwaka 1952 ukiwa na majuzuu 54, ulipanuliwa mwaka 1990 na bado haukuwa na mwandishi mweusi hata mmoja. Mzazi hana haja ya kuutupa. Anaweza kuujaza. Katika mwaka wa historia ya kale, Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaitaja pwani yetu kwa jina la Azania na bandari yake ya Rhapta. Katika mwaka wa enzi za kati yupo Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Na kijana aliyemaliza historia ya Roma atashangaa kukutana na Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate, wenye hati ya mwaka 1728 na beti zaidi ya 1,000. Mhusika wake mmoja ni Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa Warumi wa mashariki. Utenzi huo ukiwekwa kando ya ule wa Homer, kijana ataona jinsi washairi wawili walivyoshughulikia vita na ushujaa, mmoja wao akitumia lugha ya nyanya yake. Ipo pia tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare aliyoifanya Julius Nyerere mwaka 1963, na ya Sophocles aliyoifanya Samuel Mushi kwa jina Mfalme Edipode.

Lisisahauliwe suala la cheti. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Texas haimsumbui mzazi, ilhali New York humtaka apeleke ripoti kila robo ya mwaka. Mzazi ndiye huandaa rekodi ya masomo ya mwanawe, hivyo orodha ya vitabu na insha za kijana zihifadhiwe tangu siku ya kwanza. Mtihani wa SAT bado ndio unaojulikana zaidi, ingawa ule wa CLT, ulioanzishwa mwaka 2015 na unaotumia maandishi ya kale, ulikubaliwa na vyuo vikuu vya umma vya Florida mwaka 2023.

Humu nchini mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi amwandikishe mtoto katika taasisi ya elimu hadi amalize shule ya upili, na suala la kusomesha nyumbani limewahi kufikishwa mahakamani. Aliye Kenya atafute ushauri wa wakili kwanza, kisha aamue ni mtihani gani mwanawe atakaoufanya, na vitabu vya kale vipangwe kuuzunguka mtihani huo.