Baada ya Upasuaji wa Moyo, Mgonjwa Mtulivu Naye Apimwe

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo akianza kung'oa mipira ya dripu na kudai wauguzi wanataka kumuua, wodi nzima hujua. Anayepitwa ni wa kitanda cha pili: kalala kimya, anasinzia, hasumbui mtu. Wote wawili wanaweza kuwa na deliriamu, yaani kuvurugika kwa akili kunakoanza ghafla, hasa kwa wazee. Kwa kuwa chanzo huweza kuwa dawa, maambukizi, upungufu wa oksijeni au hata kiharusi, kuchelewa kuitambua ni kuchelewa kutibu chanzo hicho.

Kipimo kinachotumika sana katika vyumba vya mahututi ni CAM-ICU, kilichochapishwa mwaka 2001 na timu ya Wesley Ely wa Marekani. Huchukua dakika chache, hata kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Kwanza huulizwa kama hali yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Kisha muuguzi humtajia herufi kumi, naye abinye mkono kila asikiapo A. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini wake una kasoro. Dalili hizo mbili zikiwapo, inatosha kuongezeka moja: kiwango cha fahamu kisicho cha kawaida, au fikra zilizovurugika, zinazopimwa kwa maswali kama, "Je, jiwe huelea majini?"

Mjini Brussels, katika hospitali kama Saint-Luc, Erasme na UZ Brussel, maswali hayo huulizwa zaidi kwa Kifaransa au Kiholanzi. Mzee wa Bukavu aliyelelewa kwa Kiswahili, akiwa bado na dawa za usingizi mwilini, anaweza kukosa jibu kwa sababu ya lugha tu. Au akajibu vizuri kwa Kiswahili, ikadhaniwa anaropoka. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2002 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha iliyo wazi, na hospitali nyingi zina wapatanishi wa kitamaduni wanaosaidia kutafsiri. Mwombeni mmoja wao kabla ya siku ya upasuaji.

Nanyi ndugu, mleteeni mgonjwa wenu miwani na kifaa chake cha kusikilizia. Mkiona baba amebadilika, hata kama ametulia tu, msingoje kesho: mwambieni muuguzi alivyokuwa jana na alivyo leo. Swali la kwanza la kipimo hicho, ninyi ndio mnaolijua jibu lake.