Uvimbe wa Titi Mezani: Kisu, Rula na Kamera

Akina mama wa Ngulyati, Bariadi, wanaokata michembe ya viazi vitamu hawahitaji kufundishwa kwa nini kipande cha kiazi kiwe chembamba. Kikiachwa kinene, juu kitakauka vizuri na katikati kitaota ukungu. Titi lililoondolewa kwa upasuaji lina tabia hiyohiyo, na hapo ndipo majibu ya mgonjwa yanapoweza kuharibika kabla hata sampuli haijafika maabara.

Nyama ikishatoka mwilini haipati damu tena, na huanza kuoza yenyewe. Kinachoisimamisha ni fomalini, na aliyetambua mwaka 1893 kwamba dawa hii hukaza nyama ni Mjerumani Ferdinand Blum. Tatizo ni mwendo wake: hupenya takriban milimita moja kwa saa, na kwenye mafuta ya titi huzidi kusuasua. Titi zima likitumbukizwa ndooni, ngozi hukakamaa huku uvimbe ulio katikati ukiendelea kuoza.

Kwa hiyo titi lazima lipasuliwe kabla ya kuzamishwa, lakini kwanza daktari hutia nyuzi za alama ili pande zake zijulikane, mara nyingi fupi upande wa juu na ndefu upande wa kwapa. Kingo hupakwa wino, kisha titi hupasuliwa kutokea nyuma, kila baada ya nusu sentimita hadi sentimita moja, vipande vikiachwa vimeshikana kama kurasa za daftari. Lizame kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu litoke mwilini, na fomalini iwe mara 10 ya ujazo wake. Humo likae kati ya saa 6 na 72. Tukikiuka hayo, vipimo vya vipokezi vya homoni na vya protini ya HER2 huweza kudanganya, na mama ambaye vidonge vya tamoxifen vingemsaidia akaambiwa havimfai. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sampuli ya Bariadi ikipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina safari ya kupita Lamadi na kuambaa na Ziwa Victoria. Basi chombo kiwe na mdomo mpana, na juu yake iandikwe saa nyama ilipotoka mwilini na saa ilipoingia kwenye fomalini. Niliwahi kupokea titi lililosukumiwa ndani ya dumu la mdomo mwembamba. Liliingia likiwa laini, likakakamaa humo, ikabidi tulipasue dumu. Umbo lilikuwa limeshapotea.

Mezani, huku maabara, tunapima uzito na vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Hapo milimita zina thamani, kwa sababu saratani isiyozidi sentimita 2 huwekwa kundi moja, na inayozidi hapo huingia kundi jingine. Kisha kamera. Watu hudhani picha ni ya kumbukumbu tu. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kipimo, maana kisu changu kikishapita hakuna atakayelirudisha titi lilivyokuwa.

Damu husafishwa na uso hukaushwa kwa kitambaa, la sivyo maji hung'aa na kuficha uvimbe. Chini huwekwa kitambaa cha rangi moja, kisichong'aa. Taa hutoka pande mbili, kamera hutazama chini wima, na rula hulala usawa wa uso unaopigwa picha. Ikiwa chini zaidi, kipimo kitapotoka. Namba ya maabara ionekane, jina la mgonjwa lisionekane. Piga kabla ya kufunua vipande, kisha piga ndani: mafuta ya manjano, na katikati yake saratani, mara nyingi ya kijivujeupe, yenye mizizi inayochomoza kwenye mafuta. Kisu huikwaruza kama kimegusa mchanga.

Kwenye picha hiyo naandika kila kipande kinachoingia kwenye kaseti, kijisanduku cha kukiandalia slaidi, kimetoka wapi: A1, A2, A3, kama anayechora mipaka ya shamba. Wiki mbili baadaye daktari akipiga simu kuuliza seli za saratani zilizoonekana kwenye slaidi ya A4 zilikuwa upande gani, naifungua picha na kumjibu: upande wa kwapa, milimita tatu kutoka kwenye wino.