Bunduki ya easofti inapokataa kufyatua: tatizo liko wapi?

Nchini New Zealand, mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kumiliki bunduki ya kawaida ya hewa bila leseni ya silaha. Kwa hiyo msikilizaji anayevuka bahari ya Tasman kuwatembelea jamaa zake huenda akamkuta kijana wa nyumba hiyo ameinamia meza, bisibisi mkononi, mbele ya bunduki ya mchezo wa easofti iliyogoma.

Bunduki hii hurusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Katika ile ya umeme, ambayo kampuni ya Tokyo Marui ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, betri huzungusha mota, na mota huzungusha gia. Gia huivuta pistoni nyuma na kuibana springi. Pistoni inapoachiwa, springi huisukuma mbele kwa nguvu, na hewa iliyomo ndani ya silinda huitoa gololi kupitia mtutu.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, ondoa chombo cha gololi, vaa miwani ya kinga, elekeza mtutu mahali salama, kisha fyatua na usikilize. Ikiwa kimya kabisa, chunguza betri, fyuzi na nyaya, kisha vibati vya shaba vilivyo nyuma ya kifyatulio, ambavyo huungua kwa matumizi. Ikivuma mara moja na kunyamaza, gia zimekwama; chomoa betri papo hapo, kwa maana nyaya zinaweza kuyeyuka. Mota ikizunguka kwa mlio mkali bila kurusha kitu, yaelekea meno ya pistoni yamekatika.

Kasoro inayowasumbua wengi ni nyingine: mlio ni wa kawaida, lakini gololi zinaanguka karibu. Hapo hewa inavuja. Anza na kile kimpira kilicho mwanzoni mwa mtutu wa ndani, kinachoipa gololi mzunguko ili isafiri mbali. Kikichanika, hewa hupotea na gololi huenda upande. Ni rahisi kukibadilisha, na hakuna haja ya kufungua sanduku la gia.

Kimpira kikiwa kizima, ndipo sanduku lifunguliwe, betri ikiwa nje. Springi yaweza kuwa bado imebanwa, nayo huruka na kuumiza. Ishikilie kwa bisibisi kutoka nyuma unapoinua kifuniko. Piga picha ya kila washa iliyo chini na juu ya gia, kwani ikipotea au ikibadilishwa upande, gia zitasagana.

Sasa ziba nozeli kwa kidole na uisukume pistoni ndani ya silinda. Ikigoma, hewa haitoki. Ikiteleza hadi mwisho bila kupinga, tazama pete ya mpira ya kichwa cha pistoni: iliyokauka ibadilishwe, nzima ipakwe grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya magari huuharibu mpira. Kama hewa inapita pembeni mwa kichwa cha silinda, tepu nyeupe ya mafundi bomba hutosha.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kutia springi kali zaidi. Huo si ukarabati. Siku uvujaji utakapozibwa, bunduki itapita kiwango bila mwenyewe kujua, na mchezaji mwenzake ndiye atakayeumia. Gololi ya gramu 0.20 inayokwenda mita 100 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 1, na Japani kikomo cha kisheria ni jouli 0.98. Basi ipimwe kasi kila baada ya matengenezo.

Na ikishapona, ibaki huko huko. Hapa Australia bunduki hizo huhesabiwa kuwa silaha zinazodhibitiwa, na kuziingiza nchini bila kibali ni kosa, hata zikiwa ndani ya sanduku la nguo za mtoto aliyekuwa likizoni.