Likifa jina la mbegu, hufa na ujuzi wake

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu swali lililoonekana jepesi: "Nitajieni aina tatu za maembe." Kimya kilitanda. Hatimaye mmoja akajibu, "Madogo, makubwa, na yale mekundu." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana wengi wa vijana hao ni wazaliwa wa Pwani.

Juma lililofuata nilipitia soko la Kongowea, Mombasa, nikamwuliza swali lilo hilo mama mmoja muuza matunda. Alinijibu bila kuvuta pumzi: "Kuna ngowe, boribo, dodo, batawi na sikio la punda. Wewe mwanangu wataka lipi?"

Msomaji mpenzi, majina hayo si mapambo. Sikio la punda ni sitiari ya umbo, sawa na ndizi iitwayo mkono wa tembo. Kuku wa kishingo ameitwa hivyo kwa sababu shingo yake haina manyoya. Anayelisikia jina humtambua ndege hata kama hajapata kumwona. Boribo nalo hunasibishwa na Bourbon, jina la kale la kisiwa cha Réunion, na hivyo hutukumbusha safari za vyombo katika Bahari ya Hindi. Waama, jina huweza pia kupotosha. Muhindi, kwa jina lake, ungedhaniwa umetoka Bara Hindi, ilhali asili yake ni Marekani ya kale. Hata kosa hilo lina faida: latuonyesha kwamba wazee wetu walikihusisha kilichotoka ng'ambo na upande waliozoea kufanya nao biashara.

Lakini hasara ya kupoteza majina haiishii darasani. Nyanya yangu, aliyekuwa mkulima katika Kilifi, alipanda mahindi ya kienyeji. Huko majina kama mengawa, mdzihana na kanjerenjere yalijulikana kabla ya mbegu za dukani kuenea. Magunzi ya mbegu aliyatundika darini, juu ya meko, ili moshi uwafukuze wadudu. Punje alizoziteua alizitia katika madebe matatu. Hakuandika lolote juu ya madebe hayo, kwani hakujua kuandika, wala hakuhitaji. Majina yalikuwa kinywani mwake, na pamoja na kila jina alijua mbegu ipi ni ya mvua za masika, ipi ni ya vuli, na ipi yastahimili mchanga.

Alifariki mwaka 2009. Mvua iliponyesha, baba mdogo aliyafungua madebe, akatutazama, nasi tukatazamana. Punje zilifanana machoni petu sote. Akazipanda zote kwa wakati mmoja, katika shamba moja. Mvua ilikatika mapema. Aina moja tu ndiyo iliyozaa. Mbili ziliungua zikiwa bado hazijatoa mbelewele. Mbegu ile haikurudi tena nyumbani kwetu. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, sikuwa nimemwuliza nyanya hata siku moja majina ya mahindi yake.

Sisemi kwamba tuzikatae mbegu za kisasa. Tangu mahindi chotara ya H611 yalipotolewa Kitale mwaka 1964, mbegu za aina hiyo zimejaza maghala mengi. Hata hivyo, herufi na tarakimu humfaa zaidi mtafiti mwenye daftari. Mkulima asiye na daftari hulihitaji jina linalomwambia kitu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo la kutahayarisha ni kwamba majina mengi ya mimea yetu yaliandikwa na Charles Sacleux, padre Mfaransa, katika kamusi yake iliyochapishwa Paris mwaka 1939. Yeye aliona thamani ya kuwauliza wazee wetu. Je, sisi wajukuu wao tuna udhuru gani?

Muguga ipo hazina ya taifa ya kuhifadhia mbegu katika baridi. Hiyo ni kazi njema. Lakini jina haligandishwi. Hukaa kinywani au kitabuni, na vinywa vinavyoyajua majina haya vinazidi kupungua kila mwaka. Kwa hiyo wanafunzi wangu nimewapa kazi ya likizo: kila mmoja aende kwa mzee wa kwao, aandike majina kumi ya mbegu, matunda, samaki au mifugo, na kando ya kila jina aeleze sababu ya kuitwa hivyo na matumizi yake. Walimu wa shule za msingi na za upili wanaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Nawe msomaji, kama bado unaye nyanya, mwulize leo. Mimi nilichelewa.