KWA NINI TUNAPIMA MAJI YA NDOONI MWAKO



Wengi mnauliza: maji yamekwisha kutiwa dawa kwenye tangi, mpimaji anatafuta nini tena nyumbani? Klorini hupungua njiani. Dumu chafu, jua, na kukaa muda mrefu huimaliza. Mnakumbuka Goma, Julai 1994: karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara.

Nyumbani tunataka maji yabaki na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa kila lita. Kidonge cha kupimia hugeuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi.

Hatuwezi kupima kila ndoo, hivyo nyumba huchaguliwa kwa kura. Tuseme nyumba 9 zimetoa 0.1, 0.2, 0.2, 0.3, 0.3, 0.3, 0.4, 0.4 na 0.5. Wastani ni 0.3. Tushangilie? Bado. Huenda kura imeangukia nyumba zenye maji mazuri tu. Hapo ndipo hutumika hesabu iitwayo kipimo cha t. Wastani umepita 0.2 kwa 0.1. Vipimo vyenyewe vimetawanyika kwa 0.122 hivi, tukigawanya kwa 3, yaani kipeuo cha pili cha 9, tunapata 0.041. Sasa gawanya 0.1 kwa 0.041: ni 2.4. Jedwali la hesabu hii, kwa vipimo 9, linadai tupite 1.86. Tumepita. Kama wastani wa kambi nzima ungekuwa 0.2 tu, bahati ingetupa matokeo kama haya chini ya mara 5 katika 100.

Lakini msidanganyike, hakuna anywaye wastani. Mwenye ile 0.1 bado yumo hatarini, na watoto wake pia, hata hesabu ikisema kambi ni salama. Huyo atumie maji hayo kufulia, asugue dumu ndani kwa changarawe na maji, achote upya na kufunika.

Tena, mpimaji akifika, usikimbilie bombani kumchotea maji mapya ili kumpendeza. Hesabu yote itaharibika. Mpe yale mnayokunywa, hata yakiwa ya jana. Anahitaji kiasi cha vijiko viwili vya chai tu.