Gari la Moshi la Abiria Larudi Arusha: Gitega na Muyinga Zatazama

Nchi yetu ya Burundi haijapata kuwa na hata kilomita moja ya reli. Askari wetu waliolipanda gari la moshi wamelipanda ugenini, na walio wengi hawajasikia mlio wake ila katika filamu. Kwa hiyo mtu aweza kutuuliza: habari za reli kongwe iliyofufuliwa kati ya Tanga na Arusha zawahusu nini watu wa Gitega na Muyinga? Zawahusu sana, tena zawahusu zaidi wenye kuvaa sare, na hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza leo.

Reli ya Tanga ndiyo kongwe kuliko zote za Tanzania Bara. Wajerumani waliianza bandarini Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Baadaye Waingereza wakaiendeleza hata ikaingia Arusha mwaka 1929. Upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja tu. Ilijengwa kwa ajili ya katani na kahawa ya walowezi, wala si kwa ajili ya mwananchi. Lakini mwananchi alipoona behewa alipanda, na kwa miaka mingi mama wa Same na kijana wa Korogwe walisafiri kwa reli hiyo kama vile ilijengwa kwa ajili yao.

Msomaji askari aijue pia sura nyingine ya reli hiyo. Mwanzoni mwa Novemba 1914 kikosi cha Waingereza kilicholetwa kwa meli kutoka India, chenye watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, kilishuka pwani ya Tanga. Mji ulikuwa na walinzi wachache mno. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alikuwa na nguvu yake kubwa upande wa Kilimanjaro. Akawapakia askari wake kwenye mabehewa, kampuni baada ya kampuni, wengi wao Waafrika, na gari la moshi likawashusha karibu na uwanja wa mapigano kabla adui hajajipanga vizuri. Watu wapatao 1,000 wakawarudisha baharini watu 8,000. Ushujaa ulikuwapo, hatukatai, lakini bila reli ushujaa huo ungefika Tanga baada ya mji kutekwa.

Sasa linganisheni na yaliyotokea kwetu. Gitega, ambayo wakati ule iliandikwa Kitega, ilifanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini humo kwa miguu, na nyuma yao maelfu ya wapagazi wakiwa na risasi, mahema na vyakula vichwani. Wangapi kati ya wapagazi hao walikufa njiani kwa njaa na maradhi, vitabu vya wakubwa havikujishughulisha sana kuhesabu. Na lililo la ajabu ni kwamba reli ya kuja huku ilikuwa imekwisha kuanzwa. Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na mwaka huo huo kazi ya kuchimba njia kutoka Tabora kuelekea pembe ya mto Kagera, kwa nia ya kuzifikia Rwanda na Urundi, ilianza. Vita vikaikatiza. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 100, na kahawa ya Muyinga bado yaanza safari yake ya kwenda pwani juu ya magurudumu ya mpira.

Turudi Tanga. Mwaka 1963 Tanzania, wakati ule Tanganyika, iliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mruazi, hata abiria akaweza kupanda Dar es Salaam na kushuka Moshi. Huduma hiyo ilidumu kwa miaka mingi, kisha ikaanza kudhoofika. Barabara za lami ziliboreka, mabasi yakawa mepesi, vichwa vya treni vikachakaa na fedha za vipuri zikakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gari la abiria likatoweka katika njia hiyo.

Reli haifi siku moja, na jinsi inavyokufa yafaa ieleweke. Adui wake wa kwanza si mwizi, ni maji. Chini ya mataruma kuna kokoto, na kazi ya kokoto si kubeba uzito peke yake, bali pia kuyapitisha maji yasituame. Mitaro ikizibwa na majani, udongo huingia katika kokoto, kokoto hugeuka tope, taruma hulegea, na chuma kilichokuwa kimenyooka huanza kupinda. Daraja dogo ambalo halikuzibuliwa mwaka mmoja laweza kuchukuliwa na mvua ya mwaka unaofuata, pamoja na tuta lote lililo juu yake. Baada ya maji ndipo huja binadamu. Mmoja hufungua boliti akauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine huona taruma la chuma lafaa kuwa nguzo ya zizi. Wa tatu hulima mchicha kando ya njia, wa nne hujenga kibanda, na kibanda kikikaa miaka 10 bila kuulizwa hugeuka nyumba yenye watoto na kaburi la babu. Siku Serikali inapotaka njia yake, huyo wa nne ana machozi ya haki na karani ana ramani ya haki, na kati yao husimamishwa polisi. Katika kazi zote za polisi wa njia, tunaona hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Hayo yote yalikuwa yameipata njia ya Tanga hadi Arusha. Shirika la Reli Tanzania lilipoamua kuifufua, lilianza na kazi isiyo na fahari: kufyeka, kuzibua, kubadili mataruma yaliyooza, kurudisha kokoto, kuimarisha madaraja. Mwezi Julai 2019 treni ya mizigo iliingia tena Moshi. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikaja treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, baada ya kutoonekana kwa takriban miaka 25. Mwezi Oktoba 2020 ikafika Arusha. Vijana wenye umri wa kuoa walikuwa wakiliona gari la abiria katika stesheni ya mji wao kwa mara ya kwanza maishani. Treni yenyewe haina mbio, na anayeharakia arusi apande basi. Lakini huchukua watu wengi kwa nauli ya chini, tena na mizigo yao, na hilo ndilo mwananchi wa kawaida analolitafuta.

Kenya nako kuna mfano ambao majeshi yetu yafaa yauangalie kwa makini zaidi. Njia ya kutoka Nairobi kupitia Thika, Murang'a, Sagana na Karatina hadi Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, nayo ilikuwa imelala kwa miaka mingi. Walioiamsha hawakuwa wakandarasi wa kigeni. Shirika la Reli la Kenya lilishirikiana na wahandisi wa Majeshi ya Ulinzi na vijana wa Huduma ya Taifa kwa Vijana, nao wakatengeneza zaidi ya kilomita 170 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi za Kenya bilioni 1.8 hivi. Desemba 2020 gari la abiria likapanda tena kwenda Nanyuki. Fedha hizo si kidogo, lakini kwa reli ni kidogo mno. Tofauti ilitokana na kwamba askari alishika sururu, na kwamba chuma cha zamani kilichofaa kilirudishwa kazini badala ya kutupwa.

Burundi haina njia ya kufufua, itajenga mpya. Januari 2025 Serikali za Burundi na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza kupitia Malagarasi hadi Musongati, wa dola bilioni 2.15 za Kimarekani, na makampuni ya Kichina. Mwezi Agosti mwaka huo Mheshimiwa Rais Evariste Ndayishimiye, pamoja na Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, waliweka jiwe la msingi huko Musongati. Kwa hesabu za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo ni miongoni mwa wafadhili, kipande cha upande wa Tanzania ni kilomita 156 na cha upande wetu kilomita 84. Upana wake ni milimita 1,435, sawa na ile njia ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kutoka Musongati, mpango ni kuja Gitega, kisha Bujumbura na kuvuka kwenda Kongo.

Hapa watu wa Muyinga wana neno, na haki yao isikilizwe. Katika mipango ya miaka ya nyuma reli ilikuwa ije kutoka Isaka hadi Keza, katika wilaya ya Ngara, ndipo igawanyike: tawi moja kwenda Kigali, jingine kuja Gitega na Musongati. Ngara inapakana na Muyinga. Mfanyabiashara wa Muyinga alikuwa na sababu ya kuota kwamba siku moja angesikia treni akiwa shambani. Njia ya Uvinza imeihamisha ndoto hiyo kusini. Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, yabaki na barabara yake na mpaka wake wa Kobero, ambako malori hupita na shehena kutoka Dar es Salaam, nyingine ikiwa imefika Isaka kwa reli. Hatusemi kwamba uamuzi haukuwa na sababu. Nikeli ya Musongati ni nzito na ni nyingi, na njia fupi ya kuitoa hupitia Uvinza. Lakini nikeli haina haja ya kwenda kumtazama mgonjwa hospitalini, wala haiuzi ndizi.

Hilo ndilo jambo tunalotaka liangaliwe mapema. Reli inayojengwa kwa ajili ya madini huweza kuwa reli ya madini tu. Stesheni huwekwa penye mgodi badala ya penye soko. Behewa la abiria husemwa kuwa litaletwa baadaye. Na baadaye hiyo haina tarehe. Kweli nauli za abiria mara nyingi hazitoshi kuiendesha treni yao, na ndiyo maana katika miaka ya shida treni za watu zilikufa kwanza. Lakini mizigo yaweza kuwabeba abiria. Tukisema kichwa kimoja chavuta mabehewa 20, kila moja tani 40, hizo ni tani 800, ambazo lori la tani 30 lingezibeba kwa safari 27. Nchi iliyoonja uhaba wa mafuta kama yetu katika miaka ya karibuni haihitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Katika akiba itokanayo na tani hizo ndimo behewa la mama wa Gitega litakamopatikana, iwapo litaandikwa katika ratiba tangu mwanzo.

Kwa askari na polisi kazi itaanza kabla ya treni. Wakati wa kupima njia, wananchi wenye mashamba watataka kujua nani atalipwa, kiasi gani na lini; askari anayewalinda wapimaji yampasa awe na majibu hayo kutoka kwa utawala, asiwe na bunduki tu. Wakati wa ujenzi kutakuwa na saruji, dizeli na nyaya, na watakuwapo wenye kuvitamani, wengine wao wakiwa ndani ya uzio. Treni zikianza, watoto wa vilimani ambao hawajapata kuona kitu kizito kisichoweza kusimama ghafla watahitaji kufundishwa, shule kwa shule, kwamba njia ya reli si mahali pa kuchungia mbuzi. Treni iliyopakia haisimami kwa sababu dereva ameona. Husimama mbali sana baada ya kuona. Mafunzo hayo hayahitaji kungoja chuma cha kwanza kitandikwe.

Aidha kuna suala la lugha, ambalo huenda likaonekana dogo. Dereva atakayetoka Kigoma, afisa wa uhamiaji mpakani na polisi atakayepanda behewani kukagua tikiti na vitambulisho watasemezana kwa Kiswahili. Askari wetu waliohudumu Somalia kuanzia mwaka 2007 walijionea jinsi lugha hii ilivyowafaa walipokutana na wenzao wa Uganda na Kenya. Katika njia ya reli itakuwa lugha ya kazi: ya ishara, ya hatari, ya kumwambia abiria ateremke upande huu asiteremke ule.

Kwa Muyinga, tunaona jambo moja laweza kufanywa bila kungoja ramani nyingine: basi la uhakika litokalo huko kwa barabara ya Karuzi hadi Gitega, likiwa na saa zake zilizopangwa kufuatana na saa za treni siku reli itakapofika mji mkuu wa siasa. Abiria wa Muyinga akate tikiti moja mjini kwake, inayomfikisha hata Uvinza na mbele yake, na mzigo wake upokewe hapo hapo.